Neno 'feisty' na sifa zinazotolewa kutoka juu

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia simu saa tatu usiku. Mama yake alikuwa amefariki na mazishi yalikuwa kesho yake huko Taita. Watoto wa marehemu walikuwa wameandika wasifu wake kwa Kiingereza, kama ilivyo ada yetu Wakenya siku hizi, kisha wazee wakasema la, usomwe kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Binti alikuwa amekesha akitafsiri. Kurasa mbili nzima hazikumsumbua, ila neno moja tu. Kiingereza kilisema kwamba mama yao alikuwa "feisty".

"Mwalimu," akaniambia, "hili neno nilitie wapi?"

Nilikuwa nimechoka, chakula kiko mezani, nami nina miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha tafsiri. Nikamjibu papo hapo: "Andika machachari, mwanangu. Magazeti yote yanalitumia." Akashukuru, akakata simu.

Alfajiri nilifunga safari, nikafika kwa wakati. Wasifu ulisomwa vizuri na binti mwenyewe. Alipofika kwenye sentensi ile, vijana waliosimama nyuma ya hema wakaangua kicheko. Kina mama waliokaa mbele wakatazamana. Baada ya maziko na chakula, kaka mkubwa wa marehemu aliniita kando. Alinishukuru kwa kufika, akaniuliza habari za nyumbani, ndipo akasema kwa upole wa kizee: "Mwalimu, nikuulize kitu, nawe ndiwe msomi. Dada yangu ametuacha ana miaka sabini na sita. Hilo neno machachari si ndilo tunalomwambia mtoto anayeruka juu ya viti wageni wakija?"

Sikuwa na jibu. Nilisema jambo fulani kuhusu matumizi ya kisasa, naye akatikisa kichwa kwa adabu, akaniachia aibu yangu. Katika makala ya leo ninanuia kulipa deni hilo. Nitafuatilia historia ya neno "feisty", nieleze lilikotoka na linavyotumika, kisha nionyeshe kwa nini mzee yule alikuwa sahihi na mimi nilikosea.

Hebu nianze kwa kuungama kosa jingine. Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba "feisty" limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya ngumi, "fist". Nilidhani mtu wa namna hiyo ni yule aliyekunja ngumi, tayari kupigana. Hata niliwapa mfano wa nahau yetu ya kupiga moyo konde, nikawaambia tazameni jinsi Waingereza na Waswahili walivyokutana kwenye konde. Wanafunzi waliandika wakaenda nayo. Lo! Haikuwa kweli. Ni ile aina ya maelezo ambayo wataalamu wa isimu huyaita etimolojia ya mitaani: maneno mawili yanafanana kwa sauti, basi tunayafanya ndugu bila kuuliza wazazi wao.

Ukweli ni mwingine, na naomba radhi mapema kwa wasomaji wanaosoma gazeti wakinywa chai. Kiingereza cha kale kilikuwa na "fist" mbili. Moja ni hiyo ya mkono. Ya pili haikuhusiana nayo hata kidogo. Ilikuwa na maana ya kutoa upepo nyuma. Kiswahili chetu, ambacho katika mambo haya ni lugha tajiri, hutofautisha kujamba, ambako husikika, na kushuta, ambako hakusikiki ila hunukia. Kiingereza nacho kilikuwa na vitenzi viwili, na hicho cha "fist" kilikuwa upande wa kushuta. Lugha nyingine za Kijerumani, kama Kidenishi na Kiholanzi, zina maneno ya mzizi huohuo hadi leo.

Kufikia karne ya 16, Waingereza walikuwa wakimwita mbwa mdogo asiye na nasaba "fysting curre", yaani mbwa koko mwenye kutoa ushuzi. Lilikuwa tusi tupu. Mbwa wa kuwinda wa mabwana walikuwa na majina, walifugwa kwa hesabu ya vizazi na kulishwa vizuri. Huyu mwingine alizurura jikoni na chini ya meza, hana kazi, na harufu yoyote mbaya iliyojitokeza chumbani alisingiziwa yeye. Sitanii. Kamusi ya misimu iliyochapishwa London mwaka 1811 kwa kuendeleza kazi ya Francis Grose inaliingiza neno hilo kwa tahajia ya "fice", na katika kulieleza inadokeza kuwa mara nyingi vikongwe wa kike walikuwa wakiwatwika mbwa wao wa mapajani lawama ya upepo wao wenyewe. Hebu lizingatie hilo, msomaji. Tangu mapema neno hili liliwaweka pamoja mbwa mdogo, mwanamke na dhihaka.

Kama ilivyo kwa maneno marefu yanayotumiwa kila siku, "fysting curre" lilifupishwa. Mkia ukakatwa, kikabaki kichwa: "fist", "foist", "fice", "feist", kila sehemu na matamshi yake. Wahamiaji wa Kiingereza walilibeba wakavuka nalo Bahari ya Atlantiki hadi Marekani, na huko kusini likapata makao. George Washington, miaka 19 kabla ya kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo, aliandika katika shajara yake ya mwaka 1770 kuhusu mbwa mmoja koko, mdogo, wa rangi ya manjano, mwenye sura ya "foist". Washington alikuwa mfugaji wa mbwa wa kuwinda na alijali sana nasaba zao, kwa hivyo hakuwa akimsifu mbwa yule.

Lakini maisha ya Marekani yalimbadilisha mbwa mwenyewe kabla hayajalibadilisha neno. Uingereza mbwa mdogo alikuwa pambo au kero. Katika milima na misitu ya kusini mwa Marekani, mkulima maskini hakuwa na uwezo wa kulisha kundi la mbwa wakubwa. Alichohitaji ni mbwa mmoja asiyekula sana, mwepesi, mwenye kelele, wa kulinda ua, kukamata panya, na kumfukuza kindi hadi juu ya mti na kubweka chini yake mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa aina ya "feist", ambaye kwa kawaida uzito wake hauzidi kilo 15, aliiweza kazi hiyo barabara. Zaidi ya hayo alikuwa na tabia moja iliyowashangaza watu: hakujua kwamba ni mdogo. Alimkabili mnyama yeyote, hata aliyemzidi mara ishirini.

Watu waliisoma tabia hiyo kwa namna mbili, na zote mbili zimehifadhiwa katika fasihi ya Marekani. Wa kwanza ni Abraham Lincoln. Kabla ya kuwa rais, katika miaka ya 1840, aliwahi kutunga shairi kuhusu uwindaji wa dubu. Ndani yake mbwa mkubwa na watu wanahangaika na dubu hadi anauawa, ndipo anafika mbwa mdogo wa aina hii, miguu mifupi, akihema. Anaurukia mzoga, anautikisa kwa meno, na anajigamba kana kwamba ngozi ni haki yake. Lincoln anamcheka, na kupitia kwake anawacheka binadamu wanaofanya vivyo hivyo. Hapa mbwa mdogo ni kielelezo cha majivuno matupu.

Wa pili ni William Faulkner wa Mississippi, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Katika hadithi yake "The Bear", ya mwaka 1942, kuna dubu mkubwa ambaye wawindaji wamemwogopa kwa miaka. Kijana mmoja anampeleka msituni mbwa wake mdogo, na mbwa huyo anamwendea dubu moja kwa moja bila kusita, hata kijana inambidi akimbie kumnyakua chini ya miguu ya mnyama yule. Hapa hakuna kicheko. Faulkner anamheshimu mbwa huyu kwa sababu mbwa anajua hatari na bado anasonga mbele.

Kati ya Lincoln na Faulkner ndipo kivumishi kilipozaliwa. Maandishi ya mwisho wa karne ya 19, takriban mwaka 1896, yanaonyesha "feisty" likitumika katika lahaja za Marekani kwa maana ya mtu mchokozi, mwenye kuruka kwa hasira, asiyetulia, mwenye kujionyesha. Halikuwa sifa. Ilichukua miongo kadhaa ya karne ya 20 kwa neno hilo kuacha lahaja za mashambani, kuingia magazetini na kupanda hadhi hadi kuwa pongezi. Leo Mwamerika au Mkenya anayelitumia hana habari ya mbwa, sembuse ushuzi.

Kupanda hadhi kwa maneno si ajabu. Kiingereza kina "nice", ambalo kwa asili yake ya Kilatini lilimaanisha asiyejua kitu. Nasi tunalo neno letu "kali". Zamani mtu mkali alikuwa wa kuepukwa. Leo vijana wakisema wimbo ni mkali, wanausifu. Hata "hatari" limekuwa sifa ya mchezaji. Lakini si kila neno hupanda. Kutokana na kitenzi kilekile cha kushuta, Kiingereza kilipata dada yake "feisty", nalo ni "fizzle". Awali lilimaanisha kutoa upepo kimyakimya. Katika karne ya 19 wanafunzi wa vyuo vya Marekani walilitumia kwa mtu aliyeshindwa kujibu swali darasani, na leo ni jambo lililoanza kwa vishindo likaishia patupu. Mzizi mmoja, dada mmoja akapanda na mwingine akashuka. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mbwa wa kumtetea.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja. Kiingereza kina maneno mengi ya kumsifu mtu mwenye moyo, na kila moja limetoka kwenye kitu kinachoshikika. "Courage" limetoka kwenye moyo wenyewe kwa njia ya Kifaransa. "Pluck" ni moyo, ini na mapafu ya mnyama aliyechinjwa, vile vitu ambavyo mchinjaji huving'oa pamoja kwa mkono mmoja. Kufikia mwaka 1785 mashabiki wa ndondi walikuwa wakilitumia kwa bondia asiyekata tamaa. "Spunk" lilikuwa kitu kikavu cha kuwashia moto, nalo lina mizizi katika Kigaeli na Kilatini. Na "mettle" ni neno lilelile "metal", yaani madini ya chuma na mengineyo. Shakespeare na watu wa wakati wake waliziandika tahajia hizo mbili bila kubagua, na ni katika karne ya 18 tu ndipo zilipotengana: moja ikabaki kwa mhunzi, nyingine ikaenda kwa mwanajeshi na farasi wake.

Uliza sasa nani hupewa neno gani. Askari, bondia na farasi wa vita walipewa chuma na maini. Nani alipewa mbwa mdogo? Chunguza magazeti na riwaya za Kiingereza utakuta "feisty" likiambatana na wanawake, wazee, watoto, watu wafupi, na timu ndogo iliyoisumbua timu kubwa. Jenerali mwenye jeshi haitwi "feisty". Tajiri mwenye benki haitwi hivyo. Ndovu haitwi hivyo. Ili mtu aitwe "feisty" ni lazima kwanza awe mdogo machoni pa anayemwita, kisha amshangaze kwa kutokubali udogo huo. Ndiyo sababu nimeiita sifa inayotolewa kutoka juu. Anayesifu amesimama pale bwana mwenye mbwa aliposimama, anatazama chini, anatabasamu.

Wanawake wa Marekani waliligundua hilo zamani. Mwaka 1970 kipindi cha televisheni cha Mary Tyler Moore kilianza kwa mwanamke anayeomba kazi katika chumba cha habari. Mkuu wa chumba hicho anamwambia, kana kwamba anampongeza, kuwa ana "spunk", na kabla hajamaliza kutabasamu anamwambia kuwa anaichukia sifa hiyo. Watazamaji walicheka kwa sababu waliitambua ile pongezi yenye mwiba. Mwaka 1984 Geraldine Ferraro alipokuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa cha nchi hiyo kuwania makamu wa rais, "feisty" lilimwandama. Alikuwa wakili, mwendesha mashtaka wa zamani na mbunge, lakini aliposema kwa sauti thabiti alionekana kama kitu kidogo kilichobweka vizuri. Mwanamume mwenye rekodi hiyohiyo angeitwa mgombea makini.

Nirudi kwetu. Je, Kiswahili kina hatia hiyo? Kwa kiasi fulani, ndiyo, ila kwa njia yake. Tuyatazame maneno tuliyo nayo. "Jasiri" na "shujaa" tumeyapata kutoka Kiarabu. "Shupavu" ni letu la Kibantu, kutokana na kitenzi kushupaa, yaani kuwa mgumu. "Mkakamavu" vivyo hivyo, kutokana na kukakamaa, yaani kukaza mwili usipinde. Hayo mawili yamejengwa kwenye ugumu, kama vile "mettle" la Waingereza lilivyojengwa kwenye chuma. Upande wa pili kuna maneno ya moto na msukosuko: ari, mori, na hilo "machachari" lililonitia aibuni.

"Machachari" kwa asili ni hali ya kutotulia, utukutu, fujo ndogondogo. Ni neno la mtoto asiyekaa mahali pamoja. Waandishi wa habari wa Kenya na Tanzania wamelichukua na kulipandisha hadhi. Tunasoma kuhusu mbunge machachari, wakili machachari, mshambuliaji machachari anayewasumbua walinzi wa timu pinzani. Nitakuwa mwadilifu: tofauti na "feisty", halijabagua jinsia. Wanaume wameitwa machachari pengine kuwazidi wanawake. Ubaguzi wake ni wa umri na hadhi. Hakuna gazeti lililowahi kumwita jaji mkuu au askofu machachari, na likifanya hivyo mhariri atapigiwa simu asubuhi. Neno hili bado linanuka utoto, kama "feisty" linavyonuka mbwa kwa anayejua kunusa.

Hapo ndipo mzee wa Taita aliponishinda. Mimi niliangalia kamusi ya magazeti, nikaona maneno mawili yanafanana: yote yana moto, yote yana udogo, yote yamepanda kutoka kwenye kero hadi kwenye sifa. Kiisimu sikuwa mbali. Lakini yeye alisikiliza nani anasema na nani anasemwa. Msemaji ni binti, msemwa ni mama yake, tena marehemu, tena mbele ya kaburi na mbele ya wakwe. Kwetu mtoto hamtazami mamaye kutoka juu. Sifa ambayo mhariri anaweza kumpa mbunge wa miaka thelathini haiwezi kuvuka ikampanda bibi wa miaka sabini na sita bila kumfanya mtoto.

Mtu atasema: basi ungeandika shupavu, mambo yakaisha. Nilimwambia binti hivyo baadaye, kwa simu, nikimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Shupavu ni sawa, Mwalimu, lakini mama alikuwa anachekesha. Shupavu hachekeshi." Akanisimulia. Baba yao alipofariki, jamaa walitaka kulitwaa shamba. Mama, mwanamke mfupi ambaye hakufika darasa la tano, alikwenda mahakamani miaka kumi na mmoja. Kila kesi ilipoahirishwa alirudi nyumbani, akawaiga mawakili wa upande wa pili jinsi wanavyoinama na kushika miwani, watoto wakacheka hadi wakasahau kwamba hawana karo. Shamba hilo ndilo alilozikwa. Kumbe hiyo ndiyo maana aliyoitaka binti alipoandika "feisty": si chuma peke yake, bali chuma chenye kicheko.

Jambo hili lilinifanya nijiulize jinsi jamii zetu zilivyowachora wanawake wa aina hiyo kabla hatujaazima maneno. Mfano ninaoujua vyema uko Pwani. Mwaka 1913 Waingereza walipowataka Wagiriama vijana wa kufanya kazi, Mekatilili wa Menza aliwapinga. Inasimuliwa kwamba katika mkutano na ofisa Mwingereza, Arthur Champion, aliletwa kuku mwenye vifaranga. Mekatilili akamwambia ofisa ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Alipoinama, kuku akamdonoa. Ndivyo utakavyofanyiwa, akaambiwa, ukijaribu kuwachukua wana wetu. Serikali ilimkamata mwaka huohuo na kumhamishia magharibi mwa nchi, mamia ya kilomita kutoka kwao, naye akatoroka na kurudi.

Linganisha wanyama hao wawili. Mbwa mdogo wa Marekani na kuku wa Mekatilili wote ni wadogo, na wote wanamkabili aliye mkubwa kuliko wao. Lakini mbwa anatazamwa na bwana wake, ambaye anaburudika. Kuku hana wa kumburudisha. Ana wanawe nyuma yake. Na aliyeleta mfano wa kuku ni Mekatilili mwenyewe, si ofisa. Alichagua mwenyewe picha ya kujielezea, naye ofisa akaipata maana kidoleni. Wahenga walikwisha kusema kuwa kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Hiyo ni heshima kwa mdogo, na haitoki juu.

Historia yetu ya karibu ina funzo hilohilo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, hakukosa majina. Bungeni alikejeliwa, hata talaka yake ikaingizwa katika mjadala wa bustani. Waliomsema vibaya walimwona mwanamke mdogo anayepiga kelele. Jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya amani, utukutu uleule uliokejeliwa ulibadilishwa jina ukawa ujasiri. Wangari hakuwa amebadilika hata chembe kati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni mahali waliposimama wanaomtazama.

Kwa hivyo nawashauri wafasiri wenzangu, hasa vijana walio katika vyumba vya habari. Mnapokutana na neno la sifa, msiishie kuuliza maana yake ni nini. Ulizeni pia anayesifu amesimama wapi, na anayesifiwa angejisikiaje akilisikia. "Feisty" kwa mchezaji chipukizi wa kandanda, machachari linatosha kabisa. Kwa waziri au mtetezi wa haki, jaribuni shupavu, mkakamavu au jasiri, mkiangalia muktadha. Na pale ambapo hakuna neno moja linalofaa, msiogope kutumia sentensi. Mfasiri halipwi kwa kulinganisha idadi ya maneno. Wengi wetu tumefunzwa kwamba neno kwa neno ndiyo uaminifu, ilhali mara nyingine uaminifu unadai maneno manane mahali pa moja.

Mwezi uliopita familia ile ilikutana tena kwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja na kulijengea kaburi. Binti alikuwa amenipigia simu wiki mbili kabla, kuhusu maandishi ya jiwe. Safari hii sikujibu papo hapo. Nilimwomba anipe siku tatu, nikamwomba pia amshirikishe mjomba wake. Tuliandika, tukafuta, tukaandika. Mwishowe mjomba ndiye aliyelipata, kwa simu, huku akikohoa: "Andikeni tu alivyokuwa. Hakumwonea mtu, wala hakukubali kuonewa."

Nikamuuliza, na kicheko chake je, mzee? Akasema hicho hakiandikwi kwenye jiwe. Hicho wataendelea kukisimulia watoto. Nilisafiri kwenda kuliona. Herufi zimechongwa vizuri, tahajia ni sahihi. Vijana walikuwepo vilevile, wamesimama nyuma kama mwaka jana, na sentensi ile iliposomwa hakuna aliyecheka.